Wachoraji wa Miamba ya Kolo

Mlima Hanang umesimama peke yake katika nchi tambarare, kama kisiwa kilichozungukwa na bahari. Kilele chake hupita mita 3,400, na mchungaji apelekaye ng'ombe malishoni huuona toka mbali sana. Mtu akiupa mlima huo kisogo, akashika njia itokayo Katesh kwenda Babati, kisha akageuka kusini kuifuata njia kuu iendayo Dodoma, huingia katika nchi ya Warangi, ndiyo wilaya ya Kondoa. Naye atokaye Mbulu hupita Dongobesh, huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hata Dareda, na hapo huungana na njia ile ile. Kabla ya kuufikia mji wa Kondoa kuna kijiji kiitwacho Kolo. Mashariki ya kijiji hicho ipo milima yenye miamba mikubwa, na katika miamba hiyo zimo picha zilizopakwa rangi na watu wa kale.

Watu wengi hudhani ya kuwa uchoraji ni kazi iliyoletwa pamoja na karatasi, kalamu na shule. Miamba ya Kolo yakanusha neno hilo. Kabla ya kuwako shule yo yote katika nchi ya Mbulu au ya Hanang, na kabla ya mtu ye yote wa huku kuona karatasi, walikuwako watu kusini ya hapa ambao walitazama maisha yao ya kila siku, wakaona ya kuwa yafaa kuchorwa, wakayachora. Nao walichora vizuri.

Kwanza yafaa kueleza mahali penyewe. Mtu asikiapo habari ya picha za mapangoni hufikiri shimo refu lenye giza, makao ya popo. Huko Kolo sivyo. Miamba ile ni mawe makubwa mno, mengine yapita ukubwa wa nyumba, na mengi yameinama upande mmoja hata yakafanya kama paa la kibaraza. Chini ya paa hilo mvua haifiki sana, wala jua la adhuhuri halipigi moja kwa moja. Ukuta wa jiwe ni mpana na nuru ya kutosha huingia. Mtu aliyekaa hapo huona bonde zima mbele yake, wanyama wapitao na watu wajao. Palikuwa pahali pema pa kukaa, pa kulala, pa kuchuna nyama na kuota moto, na kwa hiyo palikuwa pahali pema pa kuchora. Karibu na hapo, katika kibanda cha mwamba cha Kisese, wachimbaji wameona shanga zilizokatwa katika maganda ya mayai ya mbuni, na zile za kale zaidi zimepimwa zikaonekana kuwa na umri wa miaka zaidi ya 40,000. Kwa hiyo wenyeji wa miamba hiyo hawakuwa wapita njia wa juzi na jana.

Rangi yao kubwa ilikuwa nyekundu. Kila mtoto wa nchi hizi aujua udongo mwekundu wenye chuma ndani yake, ule unaotia alama katika nguo na haitoki hata ikifuliwa. Udongo wa namna hiyo ulisagwa mpaka ukawa unga laini, ukachanganywa na kitu cha kuushikiza juu ya jiwe. Kitu hicho kilikuwa nini, wajuzi hawakubaliani. Wengine hutaja mafuta ya wanyama, wengine maji ya mimea. Kwa kupakia, huenda walitumia kijiti kilichotafunwa ncha, au unyoya wa ndege, maana mistari mingine ni myembamba kama uzi. Mistari hiyo haikutetemeka. Mtu aliyeipiga alikuwa amekwisha kupiga mingi kabla yake.

Akachora nini? Akachora wanyama kwanza: twiga, tembo, pofu, kifaru, swala na wengineo. Mwindaji huwajua wanyama kuliko mtu mwingine ye yote, kwa kuwa chakula chake chatembea kwa miguu yao. Hivyo mnyama wa Kolo si mnyama tu. Ni pofu mwenye shingo nene, au swala anayegeuza kichwa kwa kuwa amesikia sauti. Mahali paitwapo Fenga yupo tembo aliyezungukwa na watu, naye yu ndani ya kitu kama mtego. Mchoraji huyo hakuota ndoto ya tembo. Hapana shaka alikuwa amemwona tembo kwa karibu, labda kwa karibu kuliko alivyopenda.

Lakini jambo la ajabu zaidi ni watu. Watu wa Kolo ni warefu mno, wembamba kama mabua ya mtama, na mwili wa mmoja huweza kuwa mistari michache tu iliyosimama. Uso haukuchorwa: hakuna macho, hakuna pua wala kinywa. Ungedhani mchoraji hakujali kumtofautisha mtu na mtu. Walakini tazama vichwa! Huyu ana nywele zilizoinuliwa juu, huyu zimetandazwa pembeni kama mwavuli, huyu zimefungwa nyuma. Uso aliuacha, nywele akazitengeneza kwa subira nyingi. Yaonekana kwa watu hao nywele ndizo zilizomtambulisha mtu, zikaonyesha ni wa jamaa gani au wa cheo gani, kama vile kwa watu wa Mbulu na Hanang nguo na mapambo yalivyomtambulisha Mwiraqw na Mbarabaig hata kabla hajafungua kinywa kusema.

Tena wanafanya kazi zao. Wanakwenda kuwinda na pinde mkononi, wanacheza ngoma, wanaimba, wanapiga vyombo vya muziki. Hayo ndiyo maisha ya siku zote, wala hayana ufalme ndani yake. Hakuna mji uliotekwa, hakuna mfalme juu ya kiti. Aliyechora alichukua yale yaliyokuwa mbele yake kila siku, ambayo wengine waliyapita bila kuyatazama.

Faida ya jambo hilo aliiona vema mwanamke mmoja aliyekuja kutoka mbali, naye mwenyewe alikuwa mchoraji. Jina lake Mary Leakey. Alizaliwa London mwaka 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa picha za nchi na mashamba, naye alizoea kuhamahama na jamaa yake huko Ufaransa na Italia akitafuta mahali pa kuchora. Siku moja alimpeleka bintiye katika mapango ya kusini-magharibi ya Ufaransa, ambamo watu wa kale sana walichora nyati na farasi ukutani. Mtoto yule hakusahau. Baba yake alikufa mwaka 1926, naye bado ana miaka kumi na mitatu tu. Shuleni hakukaa vema. Alifukuzwa katika shule mbili za watawa, jambo lisilofaa kuigwa. Lakini mkono wake ulikuwa hodari kwa kalamu ya wino, na kazi yake ya kwanza ya kujipatia riziki ilikuwa kuchora mawe ya kale, visu vya mawe na vyembe vya mishale, ili picha zake zitiwe katika vitabu vya wataalamu. Katika kazi hiyo ndipo alipojuana na Louis Leakey, mtaalamu aliyezaliwa Kenya, wakaoana mwaka 1936.

Mwaka 1935, katika safari yake ya kwanza Afrika ya Mashariki, Mary alipita Kondoa akaona picha chache za miambani. Alitaka kurudi kuzinakili. Lakini vita vikuu vikaja, watoto wakazaliwa, fedha zikakosekana, na miaka kumi na sita ikapita. Mwaka 1951 ndipo walipoweza kurudi, yeye na mumewe, wakapiga hema katika nchi ya Kondoa kwa muda wa miezi mitatu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Karatasi ya selofani, ambayo hupenya nuru kama kioo, ilitandazwa juu ya mwamba pasipo kuukwaruza, kisha kila mstari ukafuatwa kwa ukubwa wake wenyewe. Hapo palikuwa na taabu, kwa maana mchoraji wa kale hakuwa na ukuta mpya kila siku. Alichora juu ya picha ya mwenziwe, na mwingine akaja akachora juu ya yake, hata pahali pengine picha zimelaliana kama majani makavu chini ya mti. Miguu ya twiga hupita katika tumbo la pofu, na katikati yake amesimama mtu mwenye upinde. Anayenakili hana budi kutazama na kutazama tena, mpaka ajue mguu huu ni wa nani na pembe hii ni ya nani. Nuru ya asubuhi huonyesha jambo moja, nuru ya jioni huonyesha jingine. Baadaye mistari ile ilihamishwa katika karatasi ya kawaida, ikapunguzwa ukubwa, ikatiwa rangi zilizolinganishwa na rangi za mwamba.

Waliandika habari za mahali 186 penye picha. Katika hizo, mahali 43 palikuwa na picha zilizo wazi kiasi cha kunakiliwa, na hesabu ya watu, wanyama na vitu vilivyonakiliwa ilifika 1,600 au karibu yake. Mwanafunzi akigawanya hesabu hiyo kwa siku tisini ataona ya kuwa ni kama picha kumi na nane kwa siku, kila siku, bila kupumzika, huku mtu amesimama, ameinama, au amelala chali chini ya jiwe.

Miaka iliyofuata Bibi Leakey alipata sifa kubwa kwa kazi nyingine. Mwaka 1959 aliona fuvu maarufu huko Olduvai, na katika miaka ya 1970 watu wake waliona huko Laetoli nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka zaidi ya milioni tatu iliyopita. Ulimwengu mzima ulimjua kwa mifupa na mawe. Walakini zile picha za Kondoa hakuziacha. Alizihifadhi zaidi ya miaka thelathini, hata mwaka 1983, alipotimiza miaka sabini na kuondoka Olduvai, zikatolewa katika kitabu kikubwa chenye kurasa za rangi. Katika uzee wake alisema ya kuwa miezi ile ya Kondoa ilikuwa katika kazi zilizompendeza kuliko zote.

Sababu yake ni rahisi kufahamu. Mtu achimbaye ardhi huona mfupa, jino, jiwe lililochongwa, labda na jivu la moto. Kwa vitu hivyo aweza kujua watu wa kale walikula nini, na waliishi lini. Lakini mfupa hauonyeshi jinsi nywele zilivyosukwa. Jiwe halisemi kama mtu alicheza ngoma jioni, au kama alikuwa na filimbi. Nguo ya ngozi huoza. Wimbo hauachi hata jivu. Mambo hayo yote, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maisha ya mtu, hupotea siku ile afapo yule wa mwisho ayakumbukaye. Huko Kolo hayakupotea, kwa sababu mtu mmoja alichukua unga mwekundu akayapaka ukutani.

Picha moja ya Kolo imewafanya wajuzi kubishana. Inaonyesha watu watano. Mmoja yuko katikati, nao wengi humdhani kuwa mwanamke. Wawili wamemshika upande huu na wawili upande wa pili, kana kwamba kila kundi lamvuta kwake. Vichwa vya wawili havifanani na vya wenzao, mithili ya watu waliovaa vinyago. Bibi Leakey alifikiri ya kuwa ni habari ya kunyang'anyana: wageni wataka kumchukua mwanamke, na watu wake wanamzuia. Wengine waliokuja baadaye hawakukubali. David Lewis-Williams, mtaalamu wa Afrika ya Kusini, ameeleza picha nyingi za miambani kuwa mambo ya roho: mganga acheza ngoma mpaka apoteze fahamu, na wenziwe humshika asianguke. Kwa maelezo hayo, hata urefu ule wa ajabu wa miili huweza kuwa ni jinsi mtu ajionavyo akiwa katika hali hiyo.

Yupo na mtu wa tatu wa kusikilizwa. Eric ten Raa alikaa na Wasandawe, watu wakaao kusini-magharibi ya Kondoa, nao wana lugha yenye sauti za kudatisha ulimi kama lugha ya Wahadzabe wa bonde la Yaeda katika Mbulu. Hao walimwambia ya kuwa wazee wao walikuwa wakichora miambani, wala si zamani sana. Tena wengine walichora kwa ajili ya uwindaji, na wengine kwa ajili ya ngoma yao iitwayo simbo. Basi huenda wote wana haki kidogo. Kwa watu wa namna hiyo uwindaji, ngoma na dua havikuwa mambo matatu yenye siku zake mbalimbali. Mtu aliyewinda asubuhi ndiye aliyecheza usiku, na ngoma yenyewe ilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku kama kuteka maji.

Nchi ya Mbulu nayo haikukosa kutajwa katika habari hizi. Mwaka 1923 ofisa mmoja wa serikali, F. J. Bagshawe, aliandika makala ya mapema sana juu ya picha za miambani za sehemu hizi, akazihusisha na Wahadzabe. Baadaye, kabla ya vita vya 1939, Ludwig Kohl-Larsen wa Ujerumani na mkewe Margit walitembea toka Ziwa Eyasi kwenda kusini, wakichimba na kunakili picha walizoziona njiani. Kwa hiyo Bibi Leakey hakuwa wa kwanza kuziona. Wala hao Wazungu wote hawakuwa wa kwanza, maana wenyeji walizijua siku zote.

Si picha zote zilizo nyekundu. Ziko na nyeupe, nazo ni za watu wengine. Hizo hulala juu ya zile nyekundu, wala si chini yake, na kwa hiyo zajulikana kuwa ndizo za baadaye. Rangi ni nzito, imepakwa kwa kidole, na mistari ni minene. Huko Pahi ziko nyingi. Zaonekana ni kazi ya wakulima na wafugaji walioingia katika nchi baada ya wawindaji. Kwa kusema kweli, mtu atafutaye uzuri wa mstari hatavutwa nazo kama avutwavyo na zile nyekundu; kidole si unyoya. Lakini mkulima yule naye alitaka kuacha alama mahali ambapo aliona alama za waliomtangulia, wala hatuna ruhusa ya kumcheka.

Hata leo Warangi wa karibu hawaioni miamba hiyo kuwa mawe matupu. Palipo mashuhuri kuliko pote ni Mungumi wa Kolo, vibanda vitatu vya miamba juu ya kilima, na njia ya kupanda mwishoni ni kali hata mpandaji hushika mawe kwa mikono. Huko wazee hupanda kuomba mvua wakati wa ukame, na waganga huwapeleka wagonjwa. Hutoa sadaka ya mnyama, na pombe ya nafaka hunyunyizwa juu ya mwamba. Hapo mambo mawili mema yamegongana. Wahifadhi wa mambo ya kale wanalia ya kuwa pombe hiyo huharibu rangi. Wazee hujibu ya kuwa mahali hapo ni patakatifu, na ya kuwa pamedumu kwa sababu wao na baba zao walipaheshimu. Neno hili la pili haliwezi kusukumwa kando kwa urahisi, kwa maana msitu uliokatazwa na wazee mara nyingi ndio msitu uliosalia.

Maadui wengine hawana udhuru. Maji ya mvua huteremka katika nyufa na kuacha michirizi ya chumvi juu ya picha. Mchwa na nyigu hujenga hapo. Moshi wa moto wa wachungaji hutia weusi. Mbuzi hujikuna ubavu katika ukuta. Hayo ni ya kusikitisha tu, hayana hila ndani yake. Lakini wako na watu waliochora majina yao kwa mkaa juu ya twiga wa kale, na watalii waliomwagia ukuta maji ili rangi ing'ae mbele ya kamera. Wengine wamechimba chini ya miamba wakitafuta fedha, kwa kuwa hadithi imeenea ya kwamba Wajerumani walizika mali zao huko walipokimbia katika vita vya 1914. Mashimo yao yameharibu udongo ambao, ungalichimbwa kwa utaratibu, ungaliweza kusema wachoraji waliishi miaka gani. Mpaka leo umri wa picha nyekundu haujulikani kwa hakika. Mtafuta fedha hakupata fedha, na hesabu ya miaka ameitupa pamoja na kifusi.

Serikali imejaribu kuzuia. Mwaka 1937, siku za Waingereza, Kolo ilitangazwa kuwa mahali pa ukumbusho panapolindwa kwa sheria. Baadaye vibanda vingine vilizungushiwa waya kama zizi. Lakini waya ni kitu chenye faida nyumbani, na mwingi uling'olewa ukaenda kufanya kazi nyingine. Siku hizi iko ofisi pale Kolo, na mgeni hupanda pamoja na kiongozi. Mwaka 2006 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa, liliiandika nchi hiyo ya miamba, yenye eneo la kilomita za mraba 2,336, katika orodha ya urithi wa dunia. Mahali penye picha hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Pengo kubwa la hesabu hiyo laonyesha jinsi milima ile isivyokwisha kutembelewa.

Bibi Leakey alikufa Nairobi mwaka 1996. Katika picha alizozinakili ziko ambazo sasa zimefifia hata mtazamaji hawezi kuzitambua vema ukutani. Nakala yake ndiyo inayosema zilikuwa nini. Yeye naye, katika miezi ile mitatu, alikuwa amefanya kazi ya mchoraji wa kale kwa mara ya pili, akifuata mkono wake mstari kwa mstari: hapa aliinua unyoya, hapa alianza tena, hapa rangi ilimwishia.

Na bado picha mpya zaonekana. Mwaka 2018, katika pori la Swaga Swaga, ambako Wasandawe walikuwa wakiishi zamani, Maciej Grzelczyk, mtafiti kutoka Poland, alionyeshwa vibanda kadhaa vya miamba ambavyo habari zake zilikuwa hazijaandikwa. Kimoja chaitwa Amak'hee. Ukutani mwake wamo watu wengi wa rangi nyekundu, na katikati yao watatu wamesimama pamoja, na vichwa vyao vyaonekana kuwa na umbo la kichwa cha nyati. Wasandawe wa leo hawana habari ya watu hao watatu. Mwamba uliowafunika uliinama vizuri. Mvua haikuwafikia, na wekundu wao ni mzito bado.